Jibu: cat inaonyesha faili iko sawa, ila programu inakataa safu ya kwanza

Mkuu, cat, amri ya kuonyesha yaliyomo kwenye faili, haitakusaidia hapo. Inaitupia terminali baiti kama zilivyo, na zile zisizo na umbo huzioni. Jaribu xxd, amri inayoonyesha kila baiti kwa namba yake:

xxd -l 14 orodha.csv

Kama nimekuelewa, utapata kitu cha namna hii:

00000000: efbb bf6a 696e 612c 7369 6d75 0d0a  ...jina,simu..

Kushoto ni nafasi ndani ya faili, katikati baiti zenyewe kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16), kulia herufi zake. Nukta inasimama badala ya baiti isiyochapika. Sasa tazama mwanzo: ef bb bf. Hiyo ni alama ya UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi kwa baiti) ambayo baadhi ya programu za majedwali huibandika kichwani mwa faili zikihifadhi CSV, yaani jedwali la maandishi lenye safu zilizotengwa kwa koma. Kwa hiyo programu yako haisomi "jina", inasoma baiti tatu za ziada halafu "jina". Lazima ikatae.

Na pale mwisho, 0d 0a ni mwisho wa mstari wa Windows. Linux hutumia 0a peke yake, kwa hiyo 0d ingeng'ang'ania safu ya mwisho na kukusumbua baadaye.

Ukishahakikisha alama ipo, safisha vyote kwa mpigo; tail inaruka baiti tatu za mwanzo, tr inafuta 0d:

tail -c +4 orodha.csv | tr -d '\r' > safi.csv

Kama alama haipo, usiiguse tail, itakula herufi tatu halali.

Huna xxd? Tumia hexdump -C. Hiyo -C usiisahau: bila hiyo, kwenye kompyuta nyingi baiti hutoka mbilimbili zikiwa zimegeuzwa, bbef badala ya efbb.