Nilikuwa nasusa kula asubuhi, sukari ndo kwanza inapanda

Juzi kuna dada kanitumia meseji: "Kaka, mimi siku hizi asubuhi sili kitu kabisa, naanza saa 7 mchana, lakini sukari haishuki, nakosea wapi?" Nikacheka. Sio kwamba namcheka yeye, najicheka mwenyewe, maana hiyo njia nimeitembea mpaka mwisho na sikukuta kitu.

Mimi nilipoambiwa nina kisukari aina ya 2, HbA1c yangu ilikuwa asilimia 9.4, na kama hujui, hicho kipimo kinaonyesha sukari yako ilivyokaa miezi miwili mitatu iliyopita, kuanzia 6.5 kwenda juu tayari ni kisukari. Sasa mhudumu aliyenipa majibu badala ya kunielewesha akaniangalia tumbo akasema "si mnapenda kula." Mbele za watu. Nimesamehe ila sijasahau, na nadhani ile kauli ndo ilinifanya nisuse chakula cha asubuhi, nimkomeshe.

Miezi mitano hiyo najikaza. Naamka napima kwa mashine ya kidole nakuta 9 na pointi (hizi ni mmol/L, sukari ya muda huohuo, sio ile asilimia ya HbA1c), na tangu jana usiku sijatia kitu mdomoni, nikasema mashine mbovu, nikatafuta nyingine, nayo ikasema yaleyale! Kumbe alfajiri mwili unatoa homoni za kukuandaa kuamka na ini linamwaga sukari kwenye damu, na kwa sisi insulini iliyopo, ile homoni ya kushusha sukari, haifui dafu. Yaani wewe hujala, ini limeshakupakulia. Halafu mchana njaa inakuwa imeshanitia wazimu, nafakamia sahani mbili bila hata kuongea na mtu, masaa mawili baadaye napima: 15.

Basi nikarudi kula asubuhi, ila nikala kijinga. Mkate wa kahawia slesi tatu, chai ya asali, na juisi ya machungwa niliyokamua mwenyewe, najiona mtu wa afya kweli. 13.8! Jamani asali ni sukari. Juisi nayo, machungwa manne umeyamaliza kwa mafunda matano na nyuzinyuzi zote umeziacha kwenye chujio, si bora ungekula chungwa moja ukatafuna. Na mkate kuwa wa kahawia sio lazima uwe wa ngano nzima, soma pakiti.

Kilichonifungua macho ni slesi moja tu ya mkate. Siku ya kwanza nikaila na chai ya sukari, masaa mawili baadaye 12.6. Kesho yake nikaanza na mayai mawili na mboga za majani, mkate uleule nikaumalizia mwisho, chai kavu bila sukari. Nakumbuka nimekaa jikoni nakamua tone la damu pembeni mwa kidole (pembeni jamani, katikati ndo panauma), mashine inahesabu sekunde zake, ikaja 8.7. Nikapima na kidole kingine nikijua nimekosea.

Tangu hapo asubuhi yangu ni mayai, au maharage, au mtindi usiotiwa sukari na karanga kiganja kimoja, wanga unakuja mwisho na unakuwa kidogo, halafu natembea dakika 15. Hakuna uchawi mwingine. Watu mnapenda kuniuliza mizizi na majani ya kuchemsha, mashine mnayo kabatini ina vumbi! Pima kabla ya kula, pima masaa mawili baadaye, wengi wetu tunatakiwa tuwe chini ya 10 muda huo, daktari wako ndo atakwambia namba yako. Na wewe unayetumia insulini au vile vidonge vinavyosukuma kongosho litoe insulini, kusema unaruka mlo ni kucheza na moto, ikishuka chini ya 3.9 utatetemeka, jasho litakutoka, unaweza ukaanguka. Dawa usiache eti kwa sababu umeanza kula mayai.

Mwezi huu nimepima HbA1c, 6.7. Nilizunguka na ile karatasi mkononi kumtafuta yule mhudumu, nikaambiwa alishahamishwa zamani. Iliniuma kidogo, sitadanganya.

Dada, kwanza niambie unatumia dawa gani. Halafu kesho anza na mayai, mkate mwisho, upime, unitumie namba zote mbili.