Shangazi wa Cherehani: Siku ya Mtoko Nivae Nini?

Nashona nguo za kiume Kiyembe, katikati ya Kampala, huu mwaka wa 26. Katika nyumba nyingi za hapa kwetu msichana akikua ana ssenga wake, yaani shangazi yake, wa kumkalisha mkekani na kumfunza. Mvulana hakalishwi na mtu kufunzwa habari za kola na soksi. Anaokoteza kwa marafiki, na marafiki nao wameokoteza. Ndiyo maana kijana akiingia dukani kwangu na haya usoni, akaanza kwa kuuliza bei ya vifungo, huwa namvutia kiti nikijua vifungo sivyo vilivyomleta. Barua nne za mwezi huu zimetoka kwa wanaume kama hao.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Mukono, nina miaka 27. Kuna nesi ambaye tumekuwa tukizungumza kwa simu tangu Pasaka. Sasa amekubali tukutane Jumapili saa saba mchana Ggaba, kando ya ziwa, tule samaki. Rafiki yangu wa benki atanipa suti yake nyeusi niazime, pamoja na viatu vyake vya ncha. Nauli na chakula nimeviweka kando. Kwa mavazi nina shilingi 90,000. Nichukue suti? – Mwalimu, Mukono*

Marahaba mwanangu. Suti mwachie mwenyewe, na umshukuru kwa moyo wote, maana amekutakia mema.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja alinifikia Jumatatu asubuhi kabla sijafunua cherehani. Mkononi alikuwa na koti la sufu la binamu yake. Kwenye ukosi palikuwa na doa la mchuzi wa karanga wa luwombo, naye usiku kucha alikuwa amelisugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka likatanda kama kiganja na kitambaa kikajikunja. Mafuta yakidondoka kwenye koti hayasuguliwi. Unanyunyiza unga mkavu, unauacha uyanywe, kisha unakung'uta. Lakini doa halikuniuma kama alichonisimulia. Alisema msichana alimuuliza mara mbili kama anaumwa kifua, kwa sababu chakula chote alikuwa akikitazama. Alikuwa akililinda koti la watu. Yule msichana alikuwa amemweleza habari za mama yake aliyelazwa hospitali, naye alipotaka kumpigia simu usiku kumpa pole, hakukumbuka mama anaumwa nini.

Sasa fikiria hiyo Ggaba yenyewe. Saa saba jua liko utosini. Samaki analetwa mzima, amekaangwa, na analiwa kwa mkono. Viti ni vya plastiki, chini mchanga na nyasi. Suti nyeusi hapo itakupika. Tena watu wengi hudhani nyeusi inaficha uchafu. Kwa vumbi letu jekundu la marram, nyeusi ndiyo inayoonyesha kila kitu. Ukishuka kwenye boda utakuwa kama uliyepakwa unga wa matofali magotini. Kahawia na kaki vinalistahimili vumbi hilo.

Nenda soko la mitumba la Owino asubuhi na mapema, mabunda yanapofunguliwa. Tafuta shati la mikono mirefu, la pamba, la buluu iliyokolea. Buluu ya mpauko na kijivu huonyesha jasho la kwapani hata ukiwa mbali. Kabla ya kuuliza bei, soma lebo ya ndani ubavuni. Ikisema poliesta nyingi, lirudishe, maana kitambaa hicho hakinywi jasho, na harufu hukishika hata baada ya kufuliwa. Halafu livae pale pale juu ya fulana yako na uguse bega. Mshono wa bega ukae pale mfupa unapoishia. Shati likiwa pana tumboni nitalipunguza. Mkono ukiwa mrefu nitaukata. Bega silirekebishi kwa furaha, maana kulirudisha ndani ni kuung'oa mkono mzima, na mara nyingi fedha ya kazi hiyo inanunua shati jingine.

Suruali iwe ya kaki au kahawia, ya kitambaa kizito kidogo ili ishuke vizuri. Pindo liguse kiatu na kukunjika mara moja tu. Vijana siku hizi wanapenda ibane mpaka kwenye mashavu ya miguu. Wewe utakaa saa tatu kwenye kiti cha plastiki, iache ipumue.

Viatu vyako vya kazini vya kamba vinatosha kabisa. Mpelekee fundi viatu atengeneze kisigino kilicholika upande mmoja, nunua kamba mpya, piga kiwi Jumamosi usiku. Hivyo vya ncha vitazama mchangani na miguu itakuuma, nawe utakuwa unatabasamu kwa uchungu. Marashi tia kidogo shingoni kabla ya kuvaa shati, si juu ya shati. Mbele ya samaki wa moto marashi mengi huleta kichefuchefu.

Hesabu yangu: shati 15,000, suruali 20,000, marekebisho 10,000, kamba na kiwi 3,000, kinyozi 10,000. Hiyo ni 58,000. Kwenye zile 32,000 zinazobaki nunua mwavuli mkubwa, wa kutosha watu wawili, kwa sababu mvua za Septemba mpaka Novemba hazibishi hodi, hasa kando ya ziwa.

Kwenye boda fanya kama madereva wenyewe wanavyofanya: geuza jaketi, mgongo wake uje kifuani, shati libaki safi. Ukifika, livue ulikunje.

Neno moja zaidi, na hili nakuomba usilipuuze. Jumamosi vaa kila kitu, ule chakula cha mchana nyumbani ukiwa umevaa. Kunja mikono ya shati mara mbili, inama uokote kijiko, nyoosha mkono kuchukua chumvi. Kama katika mlo huo utaikumbuka nguo yako, kwamba inavuta hapa au inapanda pale, basi haijawa tayari. Niletee, mimi nipo mpaka saa kumi na mbili. Ninachotaka ni kwamba Jumapili usahau kama umevaa, ili masikio yako yote yawe kwa huyo nesi.

*Assalam aleikum Mama. Mimi ni dereva wa lori, nyumbani ni Arua. Ijumaa baada ya swala nimealikwa kunywa chai na binti mmoja wa Masaka anayeishi kwa dada yake Kibuli. Dada mtu atakuwepo. Nina kanzu mbili: moja nyeupe tupu, nyingine ina nakshi nyekundu shingoni na kifuani. Nilifikiri nivae hiyo ya nakshi na koti juu. – Dereva*

Waaleikum salaam. Vaa ile tupu, mwanangu, na koti liache.

Hiyo nakshi nyekundu Waganda wanaiita omulera, na kanzu ya omulera yenye koti juu yake ni vazi la kwanjula, siku mwanamume anapopelekwa kutambulishwa kwa wazazi wa binti. Huko Arua huenda mtu asiseme lolote. Lakini binti ni wa Masaka, ndani ya Buganda. Dada yake akifungua mlango akuone hivyo, atatafuta kwa macho msafara wa watu na vikapu vya zawadi nyuma yako. Utakuwa umesema neno kubwa kabla hujaketi.

Mimi ni Mnubi wa Bombo. Nimekua nikiwaona wazee wetu wakirudi msikitini Ijumaa, na najua kanzu tupu iliyopigwa pasi ilivyo na heshima yake. Siri yake ni mbili. Kwanza simama dirishani mchana na mtu mwingine akutazame. Kanzu nyepesi ikipata mwanga kwa nyuma huonyesha miguu yote, kwa hiyo vaa suruali nyeupe nyepesi ndani. Pili, visigino. Utavua viatu mlangoni, na dereva wa lori hukanyaga mengi. Viloweke maji ya vuguvugu Alhamisi usiku, sugua kwa jiwe, paka mafuta.

*Shangazi, nimepata mitumbani jaketi zuri sana lenye madoadoa ya kijani kama ya jeshi, la kutoka Ulaya. Limenikaa sawasawa. Naweza kutokea nalo? – Kijana wa Mbale*

Hapana, wala hata kwenda nalo dukani. Sheria ya UPDF, jeshi letu la Uganda, ya mwaka 2005 inamkataza raia kuwa na sare za jeshi bila ruhusa, na mwaka 2019 mavazi hayo yalitajwa kwenye Gazeti la Serikali, ikiwemo bereti nyekundu. Askari atakayekusimamisha hatauliza kama limetoka Ulaya. Sitaki msichana wa watu aishie kukusubiri nje ya kituo. Rangi ya kijani ukiipenda, iko ya kijani tupu.

*Dada yangu, salamu kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Nina miaka 56, ni wakala wa forodha hapa mpakani. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Kuna mama mmoja, mjane kama mimi, anauza vitambaa sokoni. Tumepanga kwenda kula chakula cha jioni Tororo. Nguo ninayoipenda kuliko zote ni Kaunda suti ya kijivu ambayo marehemu aliniagizia kwa fundi mwaka 1994, mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa. Sasa inanibana tumboni. Je, inaweza kupanuliwa? Watoto wanasema mtindo huo umekufa. – Baba wa Busia*

Kaka, nianze na watoto, maana hilo ni jepesi. Vazi hilo lilipata jina kwa Kenneth Kaunda, aliyeiongoza Zambia tangu 1964 hadi 1991, na bado linavaliwa. Hapo ng'ambo yenu Rais William Ruto amelivaa mara nyingi mbele ya watu. Ni kweli Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alilizuia bungeni Nairobi, lakini nguo inayozuiwa ni nguo inayovaliwa. Tena kwa mwanamume wa umri wako nalipenda kuliko suti na tai: shingo iko huru, mikono ni mifupi, na koti linashuka juu ya suruali bila kulibana tumbo. Jioni ya Tororo linafaa sana.

Kupanuliwa, inawezekana. Mafundi wa zamani walikuwa wakiacha kitambaa cha akiba ndani ya mishono ya ubavuni, pengine vidole viwili kila upande. Nikiifungua, itapanuka. Ila kitambaa kilichofichwa ndani miaka thelathini hakijapigwa jua, kitatoka cheusi zaidi kuliko kingine, na matundu ya sindano ya zamani yatabaki kama kovu kutoka kwapa mpaka pindo.

Kazi hiyo naiweza. Lakini nakuomba usiniletee.

Huyo mama anauza vitambaa. Macho yake na vidole vyake vinasoma nguo kama wewe unavyosoma hati za mizigo. Ataliona lile kovu kabla chakula hakijaletwa, atagusa mkono wa koti na kusema kitambaa cha siku hizi si kama hiki, nani alikushonea? Utajibu nini? Habari za marehemu mke wako mtazizungumza, na za mume wake pia. Ni lazima, tena ni vizuri, ninyi wote wawili mmezika. Lakini mzizungumze siku mtakayokuwa tayari, si kwa sababu koti limekulazimisha usiku wa kwanza. Vazi hilo lina mwenyewe. Mimi nina koti la marehemu mume wangu sandukuni. Nalitoa, nalianika kivulini, nalirudisha. Mtoto wangu alipotaka kulivaa harusini nilimshonea jingine.

Basi fanya hivi. Nenda kwenye kibanda chake katikati ya wiki, wakati hana wateja wengi, umwombe akuchagulie kitambaa cha Kaunda suti. Usimwambie ni cha siku gani. Kijivu usichukue tena. Akikupa buluu ya usiku au kahawia ya udongo, mwamini. Mita tatu za upana wa sentimita 150 zinatosha, na nusu mita juu kama u mtu mrefu. Mlipe bei yake yote, usipatane naye.

Nipe siku kumi. Kifua pimwa ukiwa umesimama na umetoa pumzi. Tumbo pimwa ukiwa umeketi, maana utakula ukiwa umeketi. Na ukija Kampala kujaribu, uwe na viatu utakavyovaa siku hiyo, kwa sababu urefu wa suruali naupimia juu ya kiatu.