Kabla ya nyumba, tafuteni mtu wa saa za magharibi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Mzazi akipatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, familia imchagulie mahali gani pa kuishi, na iangalie nini?" Ninaandika kutoka Mtwara mjini. Mama yetu ana ugonjwa huo, mikorosho yake iko Newala, na sisi watoto wake tumetawanyika kati ya hapa, Lindi na Dar es Salaam. Jibu langu naliweka mwanzoni: msianze na nyumba. Anzeni na kipindi cha kuanzia saa kumi na moja jioni hadi alfajiri. Mjue ni nani atakuwa na mzee saa hizo, ni mtu mzima au mtoto, anaelewa lugha ya mzee au haelewi, na yeye mwenyewe atalala saa ngapi. Familia ikishapata jibu la kweli hapo, suala la wapi huwa jepesi.

Mchana mama yetu ni mama. Anapukuchua mahindi, anaitikia marahaba, anauliza habari za mvua. Jua likianza kuinama anabadilika: anajifunga khanga kiunoni, anatafuta viatu, anasema watoto wake hawajala na anataka kwenda kwake. Hayo anatuambia sisi watoto wenyewe, na wengine wetu tuna wajukuu. Madaktari wanaifahamu hali hii. Wagonjwa wengi wa demensia, yaani ugonjwa huu wa kupoteza kumbukumbu, huhangaika zaidi jioni. Uchovu wa siku nzima unachangia, mwanga hafifu unaojaza vivuli ukutani unachangia, na ile saa ya mwili inayotofautisha usiku na mchana nayo huvurugika ubongo unapoharibika. Kwa hiyo ndugu anayepita Jumapili saa sita mchana, akala na mama, akaondoka akisema "mbona mzima tu", hajamwona mgonjwa. Kikao cha familia kikiamuliwa na watu wa aina hiyo, mzee atapelekwa mahali panapofaa kwa mchana peke yake.

Kabla ya kikao, hospitali kwanza. Nalisisitiza hili kwa sababu huku kwetu mzee akianza kusahau tunasema ni uzee, au karogwa, kisha tunaanza kugawana kazi ya kuuguza ugonjwa ambao hatujaupima. Kama amebadilika ghafla, ndani ya siku chache, huenda si demensia kabisa: malaria, UTI, upungufu wa maji mwilini au dawa mpya vinaweza kumvuruga mzee hadi asimjue mwanawe, na akitibiwa akarudi katika hali yake. Hata kusahau kunakokuja polepole kuna wakati kunatokana na upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, kaswende ya zamani, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, au sonona. Haya yanapimika, na mengi yana tiba. Hospitali za rufaa za mikoa tunazo, Ligula hapa Mtwara na Sokoine kule Lindi, na ile ya Kanda ya Kusini iko Mitengo. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana utaratibu wa kutibiwa bila malipo. Nendeni na kitambulisho chake, ulizeni dirisha la wazee.

Ikithibitika ni demensia, mara nyingi chanzo ni Alzheimer, ugonjwa uliobeba jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1906, au ni mishipa ya damu ya ubongo iliyoathirika, hasa kwa wenye presha na sukari isiyodhibitiwa. Wala si ugonjwa wa Wazungu. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, waliukuta kwa wazee takriban sita katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea.

Sasa mahali. Nchi nyingine zina vituo vilivyojengwa kwa ajili ya wagonjwa hawa tu. Kinachotajwa sana ni De Hogeweyk, kijiji kilichofunguliwa mwaka 2009 huko Weesp, Uholanzi: wagonjwa wanaishi wachache wachache katika nyumba za kawaida, kuna duka, kuna bustani, wanatembea watakavyo, ila mlango wa kutokea nje una mtu. Wazo lile nalipenda. Lakini familia nyingi za Mtwara na Lindi hazichagui kati ya vituo. Zinachagua kati ya watoto.

Na desturi inayopendwa ni kumzungusha mzee: miezi mitatu kwa mkubwa, mitatu kwa wa pili, mitatu Dar. Inaonekana ni haki, kila mtoto amebeba sehemu yake. Kwa mzee mwenye akili timamu inafaa, anafurahia wajukuu. Kwa mwenye demensia ni mateso. Mtu huyu hana tena uwezo wa kujifunza upya choo kiko upande gani. Nyumba aliyoizoea anaijua kwa miguu yake, anakwenda uani gizani bila kufikiri. Mhamishe, atajisaidia jikoni, nanyi mtasema ugonjwa umezidi. Mkishaamua mahali, mzee abaki hapo. Ninyi ndio mzunguke.

Kuhusu Dar es Salaam nina la ziada, maana ndiko kila mtu anakoelekeza macho. Hospitali kubwa ziko huko, nyumba ya kaka ina vigae na geti, siwezi kubisha. Lakini mgonjwa wa demensia anaweza kupoteza kwanza lugha aliyojifunza baadaye, akabaki na ile ya utotoni. Mama yetu Kiswahili kinamponyoka, hasa usiku. Maji anayaomba kwa Kimakonde. Katika nyumba ya Mbagala ambako msichana wa kazi ametoka mkoa mwingine kabisa, ombi hilo la maji litachukuliwa kuwa ni kelele za mgonjwa, na mama atalala na kiu. Sisi tuliamua abaki Newala, nyumbani kwake. Uwanja una miti na uzio wa mabanzi, mlango wa kutokea ni mmoja, ndani ya uzio anazunguka anavyotaka. Hatumfungii chumbani. Mtu aliyefungiwa hatulii, anapiga mlango mpaka mikono ivimbe.

Anayekaa naye usiku ni binamu yetu, mjane, aliyekua akimwita mama mkubwa. Mchana yupo mama mmoja jirani. Wote wawili tunawalipa. Natilia mkazo neno kulipa, kwa sababu familia nyingi humtwisha kazi hii binti asiyeolewa, kana kwamba kutoolewa ni kukosa shughuli, ama huleta msichana wa miaka 16 na kumwachia mgonjwa mchana na usiku. Msichana huyo atalala fofofo saa nane usiku, na ana haki ya kulala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki. Mlezi wa mgonjwa wa demensia anazihitaji kuliko wafanyakazi wengi. Mlezi aliyechoka ndiye anayeanza kufoka, kisha kuvuta mkono, kisha kufunga kamba.

Mkimpima mlezi, msikilizeni anavyozungumza na mzee. Anaanza na shikamoo? Mama akisema anamsubiri mama yake arudi kutoka shamba, mlezi anafanyaje? Anayemjibu "mama yako alishakufa zamani" anamfisha upya kila jioni, na mama analia msiba mbichi. Binamu yetu humwambia, "Tukae tumsubiri, huku tunachambua kunde." Mikono ya mama inazikumbuka kunde. Kazi iliyozoeleka kwa miaka mingi hubaki mwilini muda mrefu baada ya majina ya watoto kupotea, na mlezi anayejua hivyo ana kitu cha kumpa mzee saa ile ngumu.

Majirani nao ni sehemu ya mahali, na hapa sitapunguza maneno. Bibi kizee anayeonekana usiku akizunguka kwenye nyumba za watu, macho mekundu, hajibu anapoulizwa, anaweza kuitwa mchawi, na sote tunajua kinachoweza kufuata. Msifiche ugonjwa. Mwambieni mjumbe, mwambieni mwenyekiti wa kitongoji, mwambieni imamu au katekista. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha karibu wapeni namba ya simu, maana wao ndio walio macho usiku na wanaiona barabara nzima. Mtaa ambao watu wake wamekubali kumrudisha mama yenu nyumbani kwa upole ni bora kuliko mtaa wenye maji ya bomba na majirani wasiojuana.

Familia nyingine hazina namna hiyo, na sizihukumu. Makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni au Njoro mkoani Kilimanjaro, ni kwa wazee wasio na wa kuwatunza, na njia ya kufika huko hupitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kama mnafikiria nyumba ya malezi ya dini au ya mtu binafsi, nendeni bila kutoa taarifa, tena jua linapozama. Hesabuni wahudumu walio zamu usiku na wazee wanaowahudumia. Tazameni kucha za wazee. Ulizeni mzee akitoka na kupotea wanafanya nini dakika ya kwanza. Ulizeni ni hali gani itakayowafanya wawaambie mje kumchukua, msije mkafukuzwa siku akishindwa kusimama. Na ulizeni hili: akihangaika usiku, mnamfanyia nini? Jibu la kwanza likiwa ni dawa ya kumlaza, ondokeni. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya mwaka 2005 kwamba dawa mpya za magonjwa makali ya akili, ambazo pia hutumiwa kumtuliza mzee anayehangaika, huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia, na mwaka 2008 ikazijumuisha za zamani, zikiwemo za kundi la haloperidol. Zipo nyakati daktari huziandika kwa sababu nzito na kwa muda mfupi. Hazifai kuwa mbadala wa mhudumu.

Fedha nitazipitia haraka. Mikorosho ya mama ndiyo inayomtunza. Malipo ya mnada yakiingia, kabla mtu hajanunua hata bati moja, tunatenga mishahara ya walezi ya mwaka mzima, kwenye akaunti ya watu wawili kutia saini. Na tumekubaliana mbele ya wazee wa ukoo kwamba hakuna karatasi ya shamba itakayowekwa dole gumba la mama tena.

Kwa ndugu walio mbali, kutuma pesa ni kubeba mzigo, asiwavunje moyo mtu. Ila kila mmoja aje alale pale, zamu nzima ya usiku kwa siku kadhaa, mlezi aende kwao kupumzika. Kaka yetu wa Dar alipolala pale kwa mara ya kwanza, asubuhi hakuuliza tena habari za kumhamisha mama. Aliuliza fundi wa kuweka taa ya uani anapatikana wapi.