Kabla ya bunduki kulikuwa na kibali

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni nini hasa kilichoyapa nguvu magenge ya pombe nchini Marekani kati ya mwaka 1920 na 1933? Naamini wengi watawaandikia kuhusu Al Capone, kiongozi wa genge, na risasi za Chicago. Mimi naomba tuanze na George Remus, mfanya magendo wa wiski wa jiji la Cincinnati, kwa sababu mambo yake yanaonyesha kwamba nguvu ile ilitoka kwenye karatasi zenye mhuri wa serikali.

Remus alizaliwa Ujerumani, akaletwa Marekani angali mtoto, akawa mfamasia Chicago na baadaye wakili. Marufuku ya pombe ilipoanza kutumika tarehe 17 Januari 1920, alikuwa akiwatetea mahakamani watu walioshikwa na pombe, akaona jinsi walivyolipa faini kubwa kubwa taslimu bila kusita. Ndipo akaichukua Sheria ya Volstead, iliyotekeleza marufuku hiyo, akaisoma kifungu kwa kifungu. Sheria ile haikukataza kunywa. Ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha kinywaji chenye kilevi kinachofika asilimia 0.5. Tena iliacha mianya: divai ya ibada, spiriti ya viwandani, na wiski ya dawa. Daktari aliweza kumwandikia mgonjwa painti moja, karibu nusu lita, kila baada ya siku kumi, na duka la dawa likamuuzia kihalali kabisa.

Wiski iliyopikwa kabla ya marufuku ilikuwa bado ipo, mapipa kwa mapipa, imefungiwa kwenye maghala chini ya uangalizi wa serikali, hasa Kentucky na majimbo jirani. Remus akahamia Cincinnati ili awe karibu nayo. Akanunua viwanda vilivyokuwa vimefungwa pamoja na haki ya wiski iliyomo ghalani. Akajipatia kampuni za dawa. Kampuni hizo zikaomba vibali vya kutoa wiski, na vibali vikatoka. Lori likishaondoka na mzigo halali, linatekwa njiani, na watekaji ni vijana wa Remus mwenyewe. Mzigo unapelekwa kwenye shamba lake lenye walinzi wa silaha, lililoitwa Death Valley, na hapo wanunuzi wanakuja kupakia. Kwenye vitabu wiski imeibwa, kumbe imeshauzwa kwa bei ya magendo.

Ukiufuata mlolongo huu utaona kwamba bunduki iko mwishoni, inalinda mali iliyokwisha kupatikana. Mwanzoni kuna kibali, na kibali hakijiandiki. Remus mwenyewe aliieleza kamati ya Seneti mwaka 1924 kwamba alimlipa Jess Smith, mtu wa karibu sana wa Mwanasheria Mkuu Harry Daugherty, zaidi ya dola 250,000 ili apate vibali na kinga. Smith alikuwa amekwisha kufa. Remus alifungwa Atlanta kwa miaka miwili. Kwamba mwaka 1927 alimpiga mkewe risasi mchana kweupe, na baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia kwa kukosa akili timamu, ndiko kunakopendwa kusimuliwa. Kwangu mimi habari ya vibali ni nzito zaidi, maana bila vibali asingekuwa tajiri wala asingejulikana.

Kwingineko hali ilifanana. Marufuku ilianza na mawakala wa serikali wa kuisimamia wapatao 1,500 kwa nchi nzima, wenye mishahara midogo, huku Kanada ikipika wiski kihalali ng'ambo ya Mto Detroit. Kule Seattle, mfanya magendo mkubwa kuliko wote alikuwa Roy Olmstead, ambaye alianza biashara hiyo akiwa bado luteni wa polisi.

Na Capone? Alikabidhiwa genge la Chicago mwaka 1925 baada ya kiongozi wake, Johnny Torrio, kujeruhiwa kwa risasi na kuamua kujitoa. Tarehe 14 Februari 1929 watu saba waliuawa ndani ya gereji moja ya North Clark Street jijini humo; genge lake lilishukiwa, lakini mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo. Kilichomfikisha Capone gerezani Oktoba 1931, kwa kifungo cha miaka 11, ni kodi ya mapato. Njia hiyo iliwezekana kwa sababu mwaka 1927 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hata pato la haramu linatozwa kodi, katika kesi iliyopiganiwa na ofisi ya Mabel Walker Willebrandt, mwanamke aliyesimamia mashtaka ya marufuku kwenye Wizara ya Sheria. Huyo alielewa kwamba biashara iliyokua kwa karatasi hukamatwa kwa karatasi.

Linaloniuma zaidi ni la spiriti ya viwandani. Nayo ilitolewa kwa vibali, na kulikuwa na kampuni za manukato na mafuta ya nywele zilizokuwa jina tu, zikiichukua na kuyauzia magenge. Serikali iliagiza spiriti hiyo itiwe sumu, ikiwemo methanoli, ili isinyweke. Magenge yaliisafisha nusunusu na kuiuza hivyo hivyo. Wakati wa Krismasi ya 1926, hospitali za New York zilipokea watu wengi walioinywa, na wengine walikufa. Charles Norris, daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo jijini humo, alisema waziwazi kwamba serikali inajua watu watakunywa, kwa hiyo inabeba lawama ya vifo hivyo. Alisema pia kwamba wanaokufa ni wale wasioweza kununua kilicho bora. Waliokuwa na pesa walikunywa wiski ya Kanada na ile ya maghala ya Kentucky. Maskini ndio waliopofuka na kufa, kwa spiriti iliyotoka kiwandani na nyaraka zake zote zikiwa sawa.

Msomaji wenu,
Morogoro