Mwaka wangu kwenye bodi ya mtandao wa jamii: kabla hujakubali, waulize betri zina umri gani

Ndugu yangu, umesema kijijini kwenu kuna mtandao wa jamii unaosambaza intaneti bila kutafuta faida, wazee wamekuomba uingie kwenye bodi, nawe unajiuliza kama mtu asiyejua mambo ya kompyuta anafaa. Nitakujibu kwa yale niliyoyapitia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kilifi, upande wa bara, mbali na lami. Januari 2024 nilichaguliwa kuwa mweka hazina wa mtandao wetu, na siku hiyo nilikuwa sijui hata tofauti ya ruta na swichi, vile visanduku vya kugawa intaneti.

Unafaa. Mambo ya ruta yana fundi wake. Yaliyotukosesha usingizi sisi wa bodi ni pesa, ardhi na siri za watu.

Tuna milingoti mitatu, yote ikitumia umeme wa jua unaohifadhiwa kwenye betri: mmoja shuleni, mmoja zahanati, na mmoja kwenye shamba la mzee mmoja kilimani, unaopokea intaneti kutoka barabarani na kuirushia mingine. Vifaa vyote vilinunuliwa na mfadhili miaka mitatu kabla yangu. Nilipokabidhiwa vitabu, akaunti ilikuwa na shilingi elfu sita na mia mbili. Nikamuuliza fundi wetu, kijana niliyemfundisha mwenyewe darasa la tano, betri zina umri gani. Hakunijibu. Alinipitia kesho yake alfajiri kwa pikipiki, tukapanda kilimani.

Akafungua kile kisanduku cha bati. Betri ilikuwa imefura mbavu kama ng'ombe aliyevimbiwa, na vichwa vya nyaya vimeota kutu ya kijani. Akaweka mita, ikasoma 11.4. Akanieleza polepole kama nilivyokuwa nikimweleza hesabu za sehemu: betri ya asidi ya volti 12 ikijaa husoma kama 12.7, ikifika 12 imeshatumika nusu au zaidi, na ukiiacha ishuke chini ya hapo usiku baada ya usiku, inakufa kabla ya siku zake. Yetu ilikuwa ikishushwa hivyo karibu mwaka mzima. Ndiyo maana watu walikuwa wakilalamika kwamba mtandao hulala saa nane usiku na kuamka jua likitoka. Bei ya betri mpya ilizidi mapato yetu ya miezi mitatu.

Nilishuka kilimani nimeshaelewa kazi niliyopewa. Betri ya kwanza hununuliwa na mfadhili, watu wakapiga picha na kucheza ngoma. Ya pili hununuliwa na bodi, kwa shilingi ishirini ishirini, au hainunuliwi kabisa na mtandao unakufa.

Kikao cha Februari kilikuwa kigumu. Vocha ya siku ilikuwa shilingi kumi, bei iliyopangwa ili ionekane nafuu, bila mtu kukokotoa chochote. Na nilipopitia orodha ya waliounganishwa nyumbani, karibu wote waliokuwa hawalipi walikuwa wajumbe wa bodi na jamaa zao. Nilisema hivyo mbele ya kikao, na mimi mwenyewe nilikuwemo kwenye orodha, kwa hiyo nilianza na jina langu. Tuliamua vocha iwe ishirini, kila mjumbe alipe kama jirani yake, na katika kila shilingi mia inayoingia, thelathini ziende kwenye akaunti ya akiba isiyotolewa pesa bila saini tatu. Wajumbe wawili hawakurudi tena vikaoni. Iliniuma, maana mmoja ndiye aliyeuleta mtandao huu kijijini, na bila yeye tusingekuwa na cha kugombania.

Wenzetu wa Zenzeleni kule Mankosi, Afrika Kusini, ambao mtandao wao ni ushirika wa wanakijiji wenyewe, walitumia umeme wa jua wa vituo vyao kuchaji simu za watu kwa malipo. Tukaiga. Kule shuleni na zahanati, paneli zikishajaza betri mchana, umeme unaozidi unachaji simu. Pesa ni ndogo, lakini zinaingia hata mwezi ambao vocha haziuziki.

Sasa ardhi. Yule mzee wa kilimani alitoa sehemu ya shamba lake kwa mdomo tu. Mwezi wa Aprili akafariki, Mungu amrehemu. Haikupita wiki, mwanawe mkubwa akampigia mwenyekiti: ama tulipe kodi ya kila mwezi, ama tung'oe mlingoti. Baadhi ya wajumbe walitaka kwenda kwa chifu siku hiyo hiyo. Mama mmoja wa bodi, anayeuza samaki sokoni na ambaye huwa hasemi sana, akasema: "Matanga hayajaisha, nyinyi mnakwenda kudai chuma?" Tukanyamaza. Tulikwenda kuzika, tukakaa na wafiwa, tukatoa rambirambi kama majirani. Matanga yalipoisha ndipo tukarudi, na mzee wa ukoo wao katikati, tukaketi chini ya mwembe kuanzia saa nne hadi jua linapinduka.

Tulichokuta ni kwamba kijana hakuwa mchoyo. Hakuna aliyewahi kumwambia baba yake aliahidiwa nini, na alihofia shamba linachukuliwa. Tukaandika karatasi moja kwa Kiswahili: ukubwa wa eneo kwa hatua, miaka mitano, familia inapata intaneti ya nyumbani na kiasi kidogo cha pesa kila mwezi, na shamba linabaki la familia. Saini, dole gumba la mama yao, nakala tatu. Kama mlingoti wenu uko kwenye shamba la mtu, fanyeni hivyo angali hai.

Kuhusu siri za watu nitakwambia jambo ambalo bado linanisumbua. Vocha zetu zilikuwa zikiuzwa dukani, na muuzaji alikuwa akiandika kwenye daftari jina, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho na saa. Hakuna aliyejua sababu, ndivyo walivyokuta. Siku moja mwanamume akaja kaunta na kutaka kuona mke wake alinunua vocha lini na saa ngapi. Muuzaji, mtoto wa watu, akamgeuzia daftari. Yule mama alikuja kwangu usiku akilia. Sitasema zaidi ya hapo.

Tuliitisha kikao kesho yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na moja ya misingi yake ni kwamba usikusanye habari za mtu zaidi ya unazohitaji. Tulikaa tukajiuliza kwa uaminifu tunahitaji nini ili kuuza vocha ya shilingi ishirini. Hatuhitaji jina la mtu. Daftari tulilichoma mbele ya bodi nzima, na sasa vocha ni karatasi yenye nambari tu. Kama wewe ndiye utakayeingia bodi, hili lishughulikie wiki ya kwanza, usisubiri kama sisi.

Karatasi za serikali zilinitisha kuliko ilivyostahili. Tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina leseni iliyotengwa kwa ajili ya mitandao ya jamii, kwa hiyo hamhitaji kubanwa kwenye kundi moja na kampuni kubwa. Mpeni mjumbe mmoja mwenye subira faili lote na tarehe za kulipia.

Jambo moja halikuwa mikononi mwetu. Jumapili tarehe 12 Mei, nyaya mbili za baharini zinazoleta intaneti huku kwetu, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Seacom ilikuwa na hitilafu tayari upande wa Bahari ya Shamu tangu Februari. Intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikazorota. Kijijini watu walijua kitu kimoja tu: bodi ilipandisha bei na sasa mtandao hautembei. Simu yangu iliita tangu adhuhuri. Tukaandika tangazo kwa kalamu nene, tukalibandika dukani, zahanati na mlangoni mwa msikiti, likieleza nyaya ni nini, zimekatikia wapi, na kwamba vocha za siku zile zitaongezewa muda. Hasira zilishuka siku hiyo hiyo.

Kesho yake, Jumatatu, shule zilikuwa zikifunguliwa baada ya mafuriko kuchelewesha muhula. Kompyuta ndogo ya darasani ina Wikipedia nzima ya Kiswahili iliyohifadhiwa kwa Kiwix, programu isiyohitaji intaneti. Wanafunzi wa gredi ya nane walifungua kurasa zao kama kawaida. Hawakujua kama kuna kitu kimekatika.

Posho ya kikao hatuna. Tunakunywa chai na mihogo kwa mwenyekiti. Waambie wazi tangu mwanzo, maana mjumbe aliyekuja kwa ajili ya posho huacha kuja mwezi wa tatu, nanyi mnakosa akidi siku mnayotaka kupitisha jambo zito.

Betri ya kilimani tuliibadilisha Septemba, kwa pesa zetu. Fundi alinipigia alfajiri iliyofuata kunisomea mita: 12.5. Ya zahanati ndiyo inayofuata. Akiba tayari imevuka nusu ya bei yake, nami nimekubali kuendelea mwaka wa pili.