Kabureta ya dragi: usikimbilie kutanua koo

Mdogo wangu wa Tabora, umeuliza kama utanue koo (njia ya hewa) la kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, kwenye pikipiki yako ya cc 150 ili ichomoke vizuri kwenye dragi, yaani mbio fupi za kunyooka. Mi nakwambia usianzie huko. Lile koo limebanwa makusudi, hewa ikifika pale inaongeza mwendo, presha inashuka na ndo petroli inavutwa kutoka kwenye jeti (kile kipande chenye tundu dogo la kupitisha petroli), sasa ukilitanua hovyo hewa inapungua mwendo, pikipiki inakosa nguvu ya chini na dragi ya mita 402 inategemea sana ule mchomoko wa mwanzo.

Anza na manifoldi, ile bomba inayounganisha kabureta na injini. Ifungue uchungulie, mara nyingi utakuta gasketi imetokeza ndani ya tundu na hewa inajikwaa pale, ikate ilingane, kona ulainishe kwa msasa laini ila ndani ya kabureta, ukuta inaposhuka slaidi (kile kipande kinachopanda na kushuka ukivuta mafuta) usiuguse kabisaaa!

Hewa ikiongezeka petroli nayo iongezeke, so weka jeti kubwa kidogo, kimbiza ukivuta mafuta hadi mwisho (sehemu iliyofungwa, sio barabarani kwa watu jamani), kamata klachi uzime hapohapo halafu toa plagi. Ikiwa nyeupe petroli haitoshi, ongeza jeti fasta maana pistoni inatoboka hivi hivi, ikiwa nyeusi ya masizi punguza, unatafuta kahawia. Na Tabora mpo kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa nyepesi, jeti inayompendeza mtu wa Dar kwako inaweza kuzidisha petroli.

Filta ya hewa usiitoe, vumbi la kiangazi huko litakula silinda.