Mke wangu anataka niuze PS

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 28, ni fundi simu hapa Mwanza, nimeoa na tuna mtoto wa miezi saba. Gemu la mpira nalipenda tangu nikiwa darasa la sita. Mwaka jana nilinunua mashine ya gemu, PS4 ya mtumba, ipo sebuleni. Usiku mtoto akishalala nawasha, najiambia mechi mbili tu. Nikija kushtuka ni saa nane. Asubuhi nafungua kibanda nimechelewa, wateja wameshaenda kwa jirani. Mimi sinywi pombe, sina mwanamke wa nje, nipo nyumbani kwangu. Lakini juzi mtoto alipata homa usiku, mke wangu akaniita mara tatu, nikamjibu "dakika moja", nilikuwa nacheza na mtu mtandaoni. Nilipoingia chumbani nikamkuta anamkanda mtoto huku analia. Kesho yake luku ikakatika, kumbe hela yake, Sh. 15,000, nilinunulia pakiti za wachezaji ndani ya gemu. Mke wangu anasema huu ni ugonjwa, niuze mashine. Mimi sina starehe nyingine. Niuze?
Fundi, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Hili nalijua kwa karibu. Kuanzia 2008 hadi 2014 niliendesha banda la gemu Magomeni, Dar es Salaam: televisheni nne za chogo, PS2 nne, mabenchi mawili. Mechi moja Sh. 200. Hili jina la Shangazi walinipa vijana wa pale.

Kanuni ya banda ilikuwa moja: aliyefungwa anatoka, mshindi anabaki. Sasa ngoja nikwambie nilichokiona kwa miaka yote ile. Mshindi akiitwa na mama yake anaweka pedi chini, anakwenda. Aliyefungwa haondoki. Anasimama nyuma ya benchi, hamtazami mtu, anapekua mfuko wa kaptula mpaka kwenye kona za pindo akitafuta sarafu. Asipoipata ananijia: "Shangazi nikopeshe moja tu, nitalipa kesho." Alichokuwa anatafuta pale ni kufuta lile goli la mwisho, awe sawa na wenzake kabla hajaenda kulala. Nadhani hata wewe saa nane unazifikia hivyo. Ukishinda unataka nyingine kwa utamu, ukifungwa unataka nyingine kwa uchungu.

Wale watoto waliokolewa na vitu viwili: sarafu ziliisha, na adhana ya magharibi ikilia mimi nazima umeme nafunga mlango. Walinung'unika, lakini walikwenda nyumbani kula. Nyumbani kwako sarafu haziishi na hakuna wa kufunga mlango. Umeliweka gemu baada ya kila kitu, kazi imekwisha, chakula kimekwisha, mtoto kalala, hakuna kitu mbele yake kitakachokuita isipokuwa asubuhi.

Kwa hiyo lihamishe. Liweke kabla ya jambo fulani, lisiwe baada ya yote. Jumamosi saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja, kisha wewe ndiye unayemwogesha mtoto. Jumapili vivyo hivyo. Na hesabu kwa mechi, usihesabu kwa saa. Mechi ya mtandaoni ni dakika sita kila kipindi, lakini ukijumlisha kumsubiri mpinzani, kubadilisha wachezaji na marudio ya magoli inakaribia dakika 20. Kutoka saa nne usiku hadi saa nane ni mechi kumi na mbili, mwanangu. Timu nzima ya ligi haichezi hizo kwa mwezi.

Siku za kazi usiku usicheze na watu wa mtandaoni kabisa. Ukikosa usingizi wa kukuchukua, cheza mechi moja na kompyuta, hiyo unaisimamisha muda wowote. Ya mtandaoni haisimami, kuna mtu upande wa pili anakusubiri, na ukichomoka unahesabiwa umefungwa. "Dakika moja" yako ilitoka hapo. Siku mtoto akiita tena nawe umo katikati, chomoka. Zikipotea pointi, zipotee.

Kuhusu ugonjwa, mimi si daktari, lakini mkeo hajabuni neno. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la kucheza gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Wanaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu limetangulia mambo mengine ya maisha, na kama anaendelea ilhali linamharibia familia au kazi, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 hivi. Kwenye barua yako naona la kwanza na la tatu. Jipe wiki sita kwa utaratibu huu. Ukishindwa, nenda hospitali ya mkoa uulizie kitengo cha afya ya akili. Usione aibu.

Kuuza? Kwa sasa hapana. Wewe ni fundi simu, siku nzima umeshika simu za watu, na eFootball, gemu la mpira la kwenye simu, inapakuliwa bure. Utauza PS4 leo, mwezi ujao unacheza chini ya meza ya kazi.

Pakiti, hapo sina huruma. Unalipa kabla hujajua utapata mchezaji gani. Ubelgiji walisema 2018 kwamba hiyo ni kamari, na kampuni ya EA, watengenezaji wa gemu la FIFA, ikaacha kuuza pointi za kununulia pakiti hizo nchini humo Januari 2019. Wewe umeandika hunywi pombe, kamari hukuitaja, na sikulaumu, wengi hawajui. Futa kadi yako kwenye akaunti ya mashine leo.

Nimebakiza lililoniuma zaidi. Umeeleza usiku wa homa kisha ukarukia luku, kama vile vinalingana. Mkeo alikuwa peke yake gizani na mtoto anayewaka moto, na mumewe yupo hatua sita kutoka kitandani. Hilo halifutwi na ratiba. Kaa naye, umwombe radhi kwa usiku ule tu, usichanganye na habari ya mashine wala umuulize kama utaruhusiwa Jumamosi. Akilia, mwache alie. Na usimpe kazi ya kukuhesabia mechi, ana mtoto mmoja tayari wa kumwangalia.

Luku ya wiki hii nunua wewe, kabla hujawasha televisheni.